Sawa ya Mkamwana

Kijijini Mwasubi hakuna mtu aliyeweka programu mpya kwenye kompyuta peke yake, kama vile hakuna aliyezika peke yake. Ilikuwa kazi ya watu. Walikusanyika katika ghala la zamani la pamba, wakaketi juu ya magunia matupu, na kompyuta ya kijiji ikawekwa katikati, mbali na ukuta, ili kila mtu ajionee kwamba hakuna waya uliochomekwa pasipotakiwa. Mgeni angeona ni mchezo wa watu wasiojua teknolojia. Wenyewe walijua ni kwa nini wanafanya hivyo, na wageni hawakuwa wengi.

Jumamosi ile msomaji alikuwa Mzee Mihayo, na msikilizaji alikuwa Nyanzobe, mke wa mwanawe.

Nyanzobe alikaa upande wa pili wa meza, mgongo ukimwelekea mzee kidogo, kitenge kimeshushwa mpaka kwenye paji la uso. Mkamwana hamtazami baba mkwe machoni. Jina lake halitaji, wakikutana njiani anampisha, na akizungumza naye anazungumza na ardhi. Mambo mengi yalikuwa yameisha Mwasubi, mvua na ng'ombe vikiwa vya kwanza, lakini hilo lilibaki.

Mbele ya mzee kulikuwa na kioo cha kompyuta, na kwenye kioo mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu. Ilikuwa alama ya faili. Programu ya pochi ya hisa za maji ilikuwa imeshushwa kwa antena asubuhi, na kompyuta ilikuwa imeipigia hesabu faili yote na kutoa alama ile. Watengenezaji nao walikuwa wametangaza redioni alama ya faili yao halisi, na Nyanzobe aliinakili kwenye karatasi, akisikiliza matangazo mara mbili ili asikosee. Mzee asome cha kwenye kioo. Yeye afuatishe cha kwenye karatasi. Kila fungu la herufi na tarakimu nne likilingana, aseme sawa. Lisipolingana aseme siyo, na msomaji arudi mwanzo. Likikataa tena, faili inafutwa na kila mtu anaenda nyumbani.

Zamani, wazee walisema, ilitosha kutazama mwanzo na mwisho wa mstari. Kisha wakaja wezi walioitwa wasagaji. Hakuna aliyewahi kumwona msagaji hata mmoja, ila mashine zao zilijulikana: zilisaga na kukoroga faili ya bandia mwaka mzima, zikibadilisha hiki na kile, mpaka alama yake ifanane na ya kweli kila mahali isipokuwa sehemu moja ndogo ambayo jicho lililochoka huiruka. Ndiyo maana Mwasubi walisoma yote, kwa sauti, mbele ya watu.

"Tatu, a, nane, sifuri," alisoma Mzee Mihayo.

"Sawa, baba."

"De, de, moja, tano."

"Sawa, baba."

Alisoma polepole, kidole kikigusa kioo. Huko nyuma vijana wawili waliguna. Pasaka iliyopita mzee alikuwa ameruka mstari wakati wa kusoma somo kanisani, akamfufua mtu kabla hajafa, na kanisa zima likaangua kicheko. Mtoto wa jicho ndiye aliyesababisha. Baadaye jicho moja lilifanyiwa upasuaji, lakini kicheko kikishaanza hakisubiri cheti cha daktari.

"Saba, efu, mbili, tisa."

Nyanzobe alitazama karatasi. Saba, efu, mbili, saba.

Mmoja wa wale vijana alikohoa kwa namna ya mtu anayejizuia kucheka, ingawa hakuwa na karatasi na hakujua lolote. Amekosea tena, aliwaza Nyanzobe. Amekosea mbele ya watu wote, na mimi ndiye nitakayemwambia. Mkamwana. Kwa mdomo wangu.

"Sawa, baba," alisema.

Mafungu mengine yote yalilingana. Watu wakapiga makofi, na Nyanzobe akaanza kazi yake ya kawaida. Aliipa faili ruhusa ya kutenda, kwa sababu mfumo wao huria wa kompyuta haukuruhusu faili ngeni itende lolote mpaka mwenye kompyuta aseme. Akaandika kanuni ya kuiwezesha kompyuta kuzungumza na pochi bila kuikabidhi programu madaraka ya mtumiaji mkuu. Hakuruka hatua. Alikuwa fundi mzuri, na hilo baadaye ndilo lililomuuma zaidi.

Mzee Mihayo akafungua koti, akatoa pochi ya kijiji. Kilikuwa kidude cha chuma cha ukubwa wa kiberiti, chenye kioo chembamba na vitufe viwili. Ndani yake mlikaa ufunguo wa hisa zote za maji za Mwasubi. Mnyororo, daftari la mtandaoni lisilo na mwenyewe lililoandika nani ana hisa zipi, ulikuwa unabadilisha kufuli Ijumaa iliyofuata, na kila mwenye hisa alitakiwa azihamishie kwenye kufuli mpya ambayo programu mpya ingemtengenezea. Mzee alilinganisha kufuli iliyoandikwa kwenye kioo cha pochi na iliyoandikwa kwenye kompyuta. Zilikuwa zilezile.

Akabonyeza vitufe vyote viwili.

* * *

Jumatatu lango la maji halikufunguka.

Bomba Kuu lilitoka ziwani na kupita Mwasubi kuelekea kusini, na kwenye kila makazi lilikuwa na lango. Lango halikuwa na mlinzi wala mwenye funguo. Lilisoma Mnyororo, likajua nani ana hisa, likafungua. Kinamama waliokuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri waliiangalia taa yake ikiwaka nyekundu, na kwenye kioo chake yakatokea maneno ambayo hawakuwahi kuyaona pale: *Hisa: hakuna.*

Mwenyekiti Seni alifika akikimbia na kandambili moja. Alibonyeza, akabonyeza tena, akalipiga lango ngumi. Ndani ya bomba maji yalisikika yakipita.

Kompyuta ilieleza kila kitu bila huruma. Hisa zilihamia kwenye kufuli isiyo ya Mwasubi, na kutoka pale zikatawanywa kwa wanunuzi wa nchi mbalimbali. Programu ilikuwa ya wasagaji. Kufuli iliyoonyeshwa kwenye vioo vyote viwili ilikuwa yao tangu mwanzo.

Pa kulalamika hapakuwepo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya Mnyororo siku waliponunua. Mzee Mihayo mwenyewe ndiye aliyewashawishi wauze ng'ombe wa mwisho, waliokuwa wakifa hata hivyo, wapate hisa. "Hapa hakuna mkubwa atakayeamka na kutunyang'anya," aliwaambia. Kweli, hakuna mkubwa aliyewanyang'anya. Na sasa hakukuwa na mkubwa wa kuwarudishia.

Mkutano wa jioni haukuchukua muda. Seni aliweka mambo wazi kama alivyoyaelewa: kioo kiliandika hiki, mzee kwa macho yake akasoma kile, na msikilizaji akasikia alichosomewa. Nyanzobe hana kosa.

"Tulimwachia kipofu asome!" alipaza sauti Ngollo, mama wa watoto wadogo watatu, na hakuna aliyemkanya.

Mzee Mihayo alisimama akiwa ameshika kofia yake. Kila mtu alingoja ajitetee. Akageuza uso kuelekea upande wa wanawake, alikokaa Nyanzobe ameinama.

"Nimewasikia," alisema, akaketi.

* * *

Asubuhi Nyanzobe alikwenda ghalani akajifungia. Faili ya wasagaji ilikuwa bado imo kwenye kompyuta. Aliiagiza mashine iipigie hesabu upya, na alama ikajichora kwenye kioo. Aliipitia kwa kidole, kama mzee alivyofanya.

Saba, efu, mbili, tisa.

Alikaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la pamba. Mzee hakukosea. Alisoma kilichokuwepo, herufi kwa herufi, kwa jicho lake moja zima, na tisa ile ndiyo ilikuwa sehemu ndogo ambayo mashine za wasagaji hazikuweza kuifuta. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa pale kuisubiri. Ilisomwa kwa sauti. Na yeye, aliyewekwa hapo kwa kazi hiyo tu, akaisitiri.

Aliona aibu mpaka akajishika kichwa. Kisha, aibu ilipopungua kidogo, akaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi.

Ilibaki pochi moja. Zahanati ilikuwa na hisa zake ndogo, zilizotolewa kwa ajili ya wajawazito na watoto, na pochi yake ilitunzwa na nesi Milembe. Siku ile ya kwanza Milembe alikuwa safarini; ndicho kilichoziokoa. Hisa zile zilitosha kumpa kila mtoto wa Mwasubi maji ya kunywa, akiwemo Kabula wake, aliyezaliwa siku ya mvua ya mwisho. Lakini nazo zilitakiwa zihamishwe kabla ya Ijumaa, la sivyo kufuli ya zamani ingegandishwa moja kwa moja. Na Mwasubi yote hakukuwa na mwingine anayejua kusikiliza, kutoa ruhusa, kuandika kanuni. Waliokuwa wanajua walishahama.

Nikisema leo, aliwaza, nani ataniruhusu nikae mezani Alhamisi? Watanifukuza, watakuwa na haki, na watoto watakosa hata hicho. Kwanza maji ya zahanati. Halafu nitasema.

Ulikuwa uamuzi wenye akili. Ndicho kilichomtisha.

Faili mbaya haiachwi kwenye mashine, hiyo ni sheria ya kwanza ya fundi. Kwa hiyo Nyanzobe alifuta kompyuta yote na kuweka mfumo huria upya kutoka kwenye flashi safi iliyofungwa sandukuni. Alifuata sheria. Na mstari wa kijani uliposogea kwenye kioo kuonyesha kazi inaendelea, alijua kwamba anafuta pia ushahidi pekee wa mzee, na mkono wake haukusita.

* * *

Jioni alimpelekea chakula. Alipiga magoti mlangoni, akasukuma sahani ya ugali ndani ya kizingiti, akatazama chini. Kwa pembe ya jicho aliona begi limefungwa juu ya kitanda.

"Baba anasafiri?"

"Dada yangu yuko Nzega. Hata kwake maji ni ya shida, ila huko sijulikani."

"Baba asubiri mpaka Alhamisi. Alhamisi baba asome."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwa macho haya?"

"Ndiyo, baba."

"Watu watakubali?"

"Nisiposomewa na baba, sikai."

Lilikuwa jambo dogo alilokuwa nalo la kumpa, na alitaka kuamini kwamba ni kubwa. Mzee alinawa mikono taratibu. Alimega tonge, akalishikilia bila kulila.

"Mama Kabula," alisema, "kwenu walikufundisha vizuri. Pengine walizidisha."

Nyanzobe alibaki amepiga magoti mpaka magoti yakauma, kisha akaaga na kuondoka bila kugeuza mgongo, kama inavyotakiwa.

* * *

Alhamisi ghala lilijaa. Mara hii hakuna aliyeketi. Nyuso zilikuwa zimekauka, na hata watoto wachanga walilia kwa sauti ndogo. Seni alikuwa amepinga, Ngollo alikuwa ametukana, lakini Nyanzobe alikataa katakata, na mwishowe walikubaliana kwa sharti moja: Seni asimame nyuma ya mzee na kutazama kioo kwa macho yake mwenyewe. Nesi Milembe alisimama kando ya meza, pochi ya zahanati ameifumbata kwa mikono miwili.

Watengenezaji walikuwa wametoa toleo jipya, na faili yake ilikuwa imeshushwa kupitia mnara mwingine. Alama mpya ilikuwa imenakiliwa kutoka redioni.

"Moja, moja, e, tatu," alisoma Mzee Mihayo.

"Sawa, baba."

"Nane, efu, sifuri, mbili."

"Sawa, baba."

Hakuna aliyekohoa. Seni aliitikia kwa kichwa kila fungu. Walivuka nusu ya mstari, na Nyanzobe akaanza kupumua.

"Nne, be, tisa, a."

Karatasi ilisema nne, be, sita, a.

Huenda ni wasagaji. Huenda mara hii kweli ni macho. Hakuwa na njia ya kujua. Kazi ya msikilizaji si kujua, ni kusema. Akisema siyo na kioo kina sita, basi amemmaliza mzee: kila mmoja atasema si tuliwaambia, na lile alilokuwa amelificha litazikwa salama milele chini ya jina la mtu asiye na kosa. Akisema sawa, atamsitiri tena. Ulimi wake ulikuwa umeshalitamka neno hilo mara elfu katika maisha yake, jikoni, mlangoni, njiani. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno.

Akamwona Milembe akikaza vidole kwenye pochi.

"Siyo, baba," alisema.

Ghala lililipuka. "Si tulisema!" "Macho hayo!" Ngollo alijishika kichwa. Seni aliinama juu ya bega la mzee, akatazama, akageuka kwa hasira.

"Kioo kina sita, mzee. Sita kabisa! Wewe umesoma tisa!"

"Najua," alisema Mzee Mihayo. "Nimeiona."

"Umeiona?"

"Nimeiona sita, nikasema tisa. Makusudi." Aliondoa kidole kwenye kioo. Hakupandisha sauti, na watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. "Nilitaka kujua kama mkamwana wangu anaweza kuniambia siyo. Kumbe anaweza."

"Jumamosi ile niliona tisa, nikasoma tisa," mzee aliendelea. "Karatasi yako ilisemaje, mama Kabula?"

Karatasi ile alikuwa ameshaichoma. Kompyuta alikuwa ameifuta. Hapakuwa na kitu duniani cha kumpinga, na alijua kwamba mzee alilijua hilo pia, na ameuliza hata hivyo.

Alisukuma kitenge nyuma. Akainua kichwa, akamtazama baba mkwe usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Jingine lilikuwa safi kabisa.

"Ilisema saba," alisema. "Nilikusikia vizuri, baba. Nikasema sawa."

"Kwa nini?" aliuliza Seni, kwa sauti ya mtu anayetaka aambiwe amesikia vibaya.

"Nilidhani ni macho yake. Niliona haya kumsahihisha mbele za watu."

"Na wewe, mzee?" Seni alimgeukia. "Tulikuita kipofu. Umekaa siku zote hizi na maneno hayo tumboni?"

"Mwanzoni sikuwa na hakika. Nilijiuliza kama ni mimi. Aliponitaka nisome tena, ndipo nikajua." Mzee alikunja mikono mapajani. "Nami ningemwita mke wa mwanangu mwongo katika mkutano? Nilishindwa. Kama alivyoshindwa yeye."

Ngollo alikuwa amekaa chini, mtoto wake wa mwisho kifuani. Hakupiga kelele tena. Aliongea kama mtu aliyechoka.

"Kwa hiyo tumekauka kwa sababu ya adabu," alisema.

Nyanzobe angependa apigwe. Angependa atolewe nje, akae juani, asiione sura ya yule mama. Kijana mmoja alianza kusema kwamba asikae tena mezani, aondoke, na wengine wakaitikia. Seni alitazama huku na huku ghalani, uso baada ya uso, akitafuta mtu mwingine anayejua kazi ile. Alitafuta muda mrefu.

"Asikilize yeye," alisema nesi Milembe mwishowe, bila kumtazama Nyanzobe. "Kesho wanagandisha. Mnataka afundishwe nani kazi hii kati ya leo na kesho?"

Mzee Mihayo akavuta kiti karibu na meza, akapangusa kioo kwa kiganja, na kidole chake kikarudi mwanzo wa mstari, maana ukisikika siyo ndivyo inavyotakiwa.

Nyanzobe alishika karatasi. Akaiegemeza mezani. Mara hii hakumpa mzee mgongo.

"Moja, moja, e, tatu."

"Sawa," alisema.

"Nane, efu, sifuri, mbili."

"Sawa."

Na kila aliposema sawa, watu wa Mwasubi hawakutazama kioo, wala hawakutazama karatasi. Walimtazama yeye mdomoni.